Tupange maji yanayoingia, tupange na maji yanayotoka



Kwa kawaida katika ukurasa huu tunazungumuza juu ya mbegu, mbolea na bei ya sokoni. Leo tunaomba mutuvumilie: tutazungumuza juu ya robine, na tena juu ya musalani. Wengine watasema hiyo si kazi ya maagronome. Sisi tunasema ni kazi yetu, na ni kazi yenu zaidi.

Sababu ni hii. Kutoka Kamanyola mpaka Uvira, ukifuata barabara ya kitaifa namba 5, unaona kwa macho namna vijiji vinavyogeuka kuwa miji midogo. Luvungi, Sange, Kiliba: pale kulikuwa mashamba, leo kuko manyumba ya mabati, madepo, mashule, makanisa na soko. Watu wanashuka kutoka milimani. Wengine wanakimbia vita, wengine wanatafuta tu barabara na soko. Na hali hii si ya uwanda wa Ruzizi peke yake. Wasomaji wetu wa Kalehe, wa Fizi ao wa Lubero watajitambua pia.

Muji unapokua, watu wanaomba maji. Ni haki yao. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, katika kipengele cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji safi ya kunywa, na tangu tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015 tuko na sheria ya maji. Basi sheferi ao komine inaandika mupango: chemchemi itajengwa, tiyo zitapita, robine zitawekwa. Tunapiga makofi. Lakini katika mikutano ya namna hii tuliyofika, tumeona vitu viwili vinakosekana karibu kila mara. Cha kwanza, hakuna mutu anayeuliza maji yakisha kutumiwa yataenda wapi. Cha pili, koperative haiko pale mezani. Wanaita mwami, walimu, watu wa afya, wachungaji. Wakulima wanaitwa tu siku ya kuchimba mufereji wa tiyo, kwa salongo.

Neno letu leo ni moja. Mupango wa maji usiosema maji machafu yataenda wapi, na usioandikwa pamoja na wakulima, ni nusu ya mupango. Na ile nusu inayokosekana, garama yake itaangukia mashamba yetu.

Watu wanaongezeka, chemchemi haiongezeki

Sensa ya mwisho katika inchi yetu ilifanyika mwaka 1984. Watoto waliozaliwa mwaka ule leo wako na wajukuu. Kwa hiyo fundi anayekuja kupima maji anakisia hesabu ya watu, ao anachukua hesabu ya kituo cha afya, na mara nyingi hesabu ile ni ya zamani.

Lakini koperative iko na daftari. Munajua nani anaishi wapi, familia iko na watu wangapi, nani aliuza kiwanja, nani alipokea ndugu zake waliokimbia. Hakuna fundi kutoka Bukavu ao Kinshasa anayejua mambo haya kuwapita ninyi. Njo maana tunasema: kazi ya kwanza ya mupango wa maji ni kuhesabu watu, na koperative inaweza kuifanya kwa juma moja, kijiji kwa kijiji, bila kungojea feza za mutu.

Kiisha kuhesabu watu, tupime maji. Hapa hatuhitaji mashine. Tunahitaji bidoni ya litre 20 na saa ya telefone. Weka bidoni chini ya mudomo wa chemchemi, hesabu sekunde mpaka ijae. Tuchukue mufano. Ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu litre kila sekunde, maana yake litre 43.200 kwa siku nzima, muchana na usiku. Kanuni inayofuatwa na mashirika ya misaada wakati wa hatari inasema mutu asipate chini ya litre 15 kwa siku. Basi chemchemi ile inatosha watu 2.880.

Tuseme kijiji kiko na watu 2.000. Wote watafurahi: maji yanatosha! Lakini kijiji kinachoongezeka kwa watu 3 juu ya 100 kila mwaka kitakuwa na watu zaidi ya 2.900 nyuma ya miaka 13, na karibu 3.600 nyuma ya miaka 20. Tiyo zitakuwa zingali nzima, tanki itakuwa ingali nzima, lakini mustari wa bidoni utakuwa umeanza tena saa kumi ya usiku, na wasichana watakuwa wamerudi mutoni kuchota.

Na tujihazari na siku ya kupima. Wengi wanapima mwezi wa 4, wakati mvua ni nyingi na kila chemchemi inaonekana tajiri. Pima mwisho wa kiangazi, mwezi wa 8 ao wa 9. Chemchemi ileile inaweza kujaza bidoni kwa sekunde 80. Hesabu inashuka mara moja: litre 21.600 kwa siku, watu 1.440. Kijiji chetu cha watu 2.000 tayari kimekosa maji, na hatujaweka robine hata moja. Mupango unapashwa kusimama juu ya hesabu ya mwezi wa 9, si ya mwezi wa 4.

Kuko tena jambo la usiku. Chemchemi hailali, lakini sisi tunalala. Bila tanki kubwa ya kutosha, maji ya usiku yote yanapotea. Mukiona katika mupango robine nyingi na tanki ndogo, muulize swali.

Shamba nalo linakunywa

Tunapashwa kusema kosa letu wenyewe. Miaka kidogo iliyopita tulisaidia koperative moja ya milimani kuchimba mufereji wa kumwangilia tomate. Tulipima udongo, tulipima mutelemko, tulileta mbegu nzuri. Mavuno ya kwanza yalikuwa ya kufurahisha. Hatukuuliza mufereji ule unachukua maji juu ya nini. Ulikuwa unayachukua katika kijito kilekile ambacho tiyo ya kijiji cha chini inaanzia, sisi juu, wao chini. Mwezi wa 8 robine zikakauka. Wamama wa chini wakapanda na bidoni zao kuuliza, na usiku moja mutu akakuja kubomoa mufereji kwa jembe. Hatuwezi kumuhukumu. Ilihitaji vikao vingi mbele ya shefu wa gurupema, na zamu ya maji iliyoandikwa ku karatasi, mbele watu hawajasalimiana tena.

Kama mutu mumoja wa koperative angekuwa katika komite ya maji, na mutu mumoja wa komite ya maji angekuwa katika koperative, jambo lile lingemalizika kwa dakika kumi.

Hesabu yake si ngumu. Bustani ya mboga wakati wa kiangazi inakunywa karibu litre 5 kwa kila metre kareti kwa siku. Kipande cha metre 10 kwa 10 kinahitaji litre 500, sawa na maji ya watu 33. Hektari moja inahitaji litre 50.000. Ni kusema, hektari moja ya tomate inameza chemchemi yote ya mufano wetu na bado iko na kiu.

Hatusemi tuache kumwangilia. Wakati wa kiangazi, tomate, lengalenga na kabichi njo vinalipa minerval ya watoto. Tunasema mupango uandike maji mawili kando kando: maji ya kunywa ya watu, na maji ya mashamba na wanyama, kila moja na mahali pake pa kuchotea na saa zake. Maji ya kunywa yanatangulia. Mengine tugawane kwa zamu. Na pahali panapowezekana, tutumie maji ya mvua. Millimetre moja ya mvua juu ya metre kareti moja ya bati ni litre moja. Depo ya koperative yenye bati la metre kareti 100, mvua moja ya millimetre 20 inaleta litre 2.000. Hata kama sehemu inapotea, yanayobaki yanatosha pepinieri na pompe za kunyunyizia dawa, bila kugusa robine.

Maji yakisha kutumiwa yanaenda wapi?

Sasa tufike pale ambapo watu wanakohoa na kuangalia chini.

Siku ya kufungua robine, mashirika ya misaada, letu pia, yanapenda kupiga picha. Mama anacheka, maji yanatoka, wakubwa wako pale. Hatujaona mutu akipiga picha ya shimo la musalani. Lakini litre zote zinazoingia kijijini zitatoka kijijini. Zitatoka kwa kuoga, kwa kufua, kwa kuosha vyombo, na zitakutana chini ya robine kwenye tope ambalo nguruwe na watoto wanachezea pamoja. Tukileta maji mara tatu zaidi bila njia ya kuyatoa, tumeleta tope mara tatu zaidi.

Watu wa Uvira wanajua bei ya jambo hili. Kolera inarudi pale mwaka kwa mwaka, kwa sababu maji safi hayafiki kwa wote na uchafu unashuka ziwani na mitoni ambamo wengi wanachota. Mwezi wa 4 mwaka 2020, muto Mulongwe na mito mingine ilifurika, ikabomoa manyumba, na mitambo ya maji ya muji ikaharibika. Ni Mulongwe ule ule ambao muji unanywa. Tujifunze kwa jirani mbele miji yetu midogo haijafika pale.

Kuko kanuni chache ambazo kila mukulima anaweza kuzipima kwa kamba yenye mafundo. Musalani iwe mbali na chemchemi ao kisima kwa metre 30 kwa uchache, na isikae juu yake ku mutelemko. Chini ya shimo, kati ya mwisho wa shimo na maji ya udongoni, kubaki metre moja na nusu. Uwandani, ambapo unachimba metre mbili na unaona maji, shimo refu ni kosa: tunajenga musalani ya kuinuliwa, juu ya tuta, ili mvua kubwa isiifurishe.

Kuko tena hesabu ambayo mupango mingi inasahau. Shimo linajaa. Familia ya watu saba inaweza kujaza shimo la metre moja kwa moja kwa tatu kwa miaka saba hivi. Kijijini si shida: unafunga, unachimba lingine, unapanda mugomba juu ya lile la zamani. Lakini ku muji unaokua, kiwanja ni kidogo, nyumba inagusa nyumba. Shimo la pili litachimbwa wapi? Jibu tunalijua sote, hata kama hatulisemi: kijana analipwa, anakuja usiku, anatoa na ndoo, anamwanga mutoni ao kwenye shamba la mutu. Shamba la nani? Lile la chini, kando ya maji. Shamba la mboga. Shamba letu.

Kisha asubuhi tunaosha lengalenga kwa maji yale na tunaipeleka sokoni.

Njo maana tunaomba mupango wa komine uonyeshe, ku karta, kiwanja cha kupeleka uchafu wa musalani: mbali na manyumba, mbali na muto, mahali ambapo maji ya mvua hayapiti, na njia ya pikipiki ao chukudu kufika. Kiwanja kile kikipangwa leo, bei yake ni ndogo. Kikitafutwa miaka kumi ijayo, hakitapatikana.

Na hapa mukulima si mutu wa kulalamika tu, anaweza kuwa mutu wa kusaidia. Uchafu wa musalani, ukiachwa kupumzika vizuri, unakuwa mbolea. Lakini kuupumzisha ni lazima, na hatutaki mutu acheze na jambo hili. Musalani ya mashimo mawili ya zamu ni njia nzuri: moja inatumiwa, nyingine imefungwa na kutiwa majivu na udongo. Katika joto la uwanda, tusifungue lile lililofungwa mbele mwaka moja haujapita. Milimani, kwa baridi, tungojee miaka mbili, kwa sababu mayai ya minyoo yanavumilia sana. Tena mbolea ile iende kwa migomba, kwa miti ya matunda, kwa mahindi. Isiende kwa mboga ambazo watu wanakula mabichi.

Maji ya kuoga na kufua ni rahisi zaidi. Chini ya kila robine tujenge sakafu ya simenti na mufereji mudogo unaopeleka maji kwenye migomba ao madegere. Robine isiyokuwa na mufereji isipokelewe. Komite ikatae kutia sinye mpaka mufereji umalizike.

Uchafu wetu wenyewe

Tukitaka kukaa mezani na kusema, tuanze kwa kufagia mbele ya mulango wetu. Wakulima nasi tunachafua maji.

Tunalowanisha muhogo katika kijito, siku tatu ao ine, na maji yale yanageuka machungu mpaka samaki wanakufa. Tunasafisha pompe ya dawa katika muto ambao watoto wa chini wanaoga. Pahali kuko stesheni ya kuosha kahawa, maji ya maganda yanashuka moja kwa moja bondeni, na harufu inawafikia majirani. Tunalima muhogo na mahindi mpaka kwenye mudomo wa chemchemi, kisha tunashangaa maji yakiwa ya rangi nyekundu wakati wa mvua. Na tulipanda mikaratusi kando ya chemchemi kwa sababu inakua mbio. Inakua mbio kwa sababu inakunywa sana.

Sisi maagronome tuko na sehemu yetu katika makosa haya. Tuliwafundisha kulima kila kipande. Hatukuwaambia vizuri ni kipande gani cha kuacha.

Koperative inaweza kuamua, katika mukutano wake mukuu, mambo manne bila kungojea leta wala shirika: muhogo ulowanishwe katika pipa ao shimo lililo mbali na kijito, pompe zisafishwe shambani na maji yale yanyunyizwe kwenye shamba lilelile, maji ya kahawa yapitie katika mashimo ya kutulia mbele ya kutoka, na maganda yarudi kuwa mbolea ya kompositi, na kuzunguka kila chemchemi kuwe na eneo lisilolimwa.

Jambo la ine njo gumu, tunajua. Eneo lile ni la mutu. Mama mujane aliye na kipande kimoja tu, hapo juu ya chemchemi, tutamwambia aache kulima ili muji mzima unywe? Mupango wa haki hauwezi kumubebesha peke yake muzigo wa wote. Tumeona njia mbili zinazowezekana. Ya kwanza ni kumubadilishia: koperative ao sheferi inamupa kipande kingine chenye samani ileile, na karatasi inatiwa sinye mbele ya shefu na mashahidi. Ya pili ni kumuachia kipande chake, lakini badala ya jembe, tunapanda majani ya kukatia ngombe na mbuzi, miti ya asili kama mivumu, na tunaweka mizinga ya nyuki. Majani yanashika udongo, hayahitaji dawa, na yeye anauza kila juma. Wanyama hawaingii, majani yanakatwa na kupelekwa kwao. Njia yoyote, iandikwe mbele tiyo ya kwanza haijachimbiwa. Kiisha robine kutoka maji, hakuna anayekumbuka ahadi.

Nani atalipa?

Robine inakufa kwa sababu ya kitu kidogo: kipande cha mupira, kofia ya tiyo, kufuli. Kitu cha dola chache, na sanduku la komite liko tupu. Mara nyingi watu hawakukataa kulipa. Waliambiwa walipe kila mwezi, na mukulima hana feza kila mwezi. Yuko na feza wakati wa mavuno.

Hapa koperative iko na nguvu ambayo komite ya maji haina. Munakusanya muchele, mahindi, muhogo ao kahawa ya wamemba, munapima, munauza pamoja. Tunashauri muchango wa maji ukatwe siku ya kuuza, mara mbili kwa mwaka, kiasi kilichokubaliwa na wote na kutangazwa wazi, na uwekwe katika sanduku la maji lisilochanganywa na la koperative, lenye funguo tatu kama wanavyofanya watu wa AVEC. Mutu asiye memba alipe kwa bidoni. Muzee asiye na mutu, mujane asiye na shamba, familia iliyofika jana kwa kukimbia: komite iandike majina yao na iwaachie. Na kila miezi sita hesabu isomwe mbele ya watu wote, kwa sauti, pamoja na ile ya musalani na ya kiwanja cha uchafu. Kama feza ni za robine tu, tumerudi pale pale: nusu ya mupango.

Tena wamama wakae katika komite, si kwa kuandika ripoti tu. Anayebeba bidoni njo anajua robine gani inachelewa, na wapi musichana anaogopa kupita magaribi.

Wanaosema hapana

Tunasikia maneno mawili dhidi ya haya yote. Neno la kwanza: hiyo ni kazi ya leta. Ni kweli. Sheria ya tarehe 7 mwezi wa 10 mwaka 2008 imeifanya sheferi, sekta na komine kuwa vyombo vyenye uwezo wao na bajeti yao. Tusiwaondolee kazi yao. Lakini mutu akiandika bajeti bila hesabu yako mbele yake, hatakuhesabu. Kupeleka daftari na vipimo kwa burgumestre si kufanya kazi yake. Ni kumunyima sababu ya kutoifanya.

Neno la pili ni zito zaidi: kesho tunaweza kukimbia, mupango wa miaka 20 ni wa nini? Hatuna jibu la kuwafurahisha. Tunaona tu kwamba watu wanaokimbia wanafika mahali, na pale wanakunywa. Muji uliopanga maji ya watu 2.000 bila nafasi ya ziada, ukipokea wengine 1.000 kwa juma moja, kolera inaingia nao. Hesabu ya nafasi ya ziada njo inaokoa mugeni na mwenyeji. Na miti iliyopandwa kuzunguka chemchemi haikimbii. Inangojea.

Tunaomba basi kila koperative ipeleke mambo matano katika mukutano wake unaokuja: kuhesabu familia za kijiji, kupima kila chemchemi na bidoni mwisho wa kiangazi hiki na kuandika tarehe, kuchora karta ya musalani, visima na vijito, hata kwa kalamu ya kawaida, kuchagua watu wawili, mwanamume na mwanamuke, wa kukaa katika komite ya maji, na kuandika barua kwa sheferi ao komine kuomba kiti katika mupango, pamoja na swali moja: maji haya, yakisha kutumiwa, yataenda wapi?

Wakijibu kwamba yataenda chini, kule mashambani, muwaambie kule kuko watu.